Kwa Mjomba, Kuhusu Fedha za Utafiti Ulizozikataa

Mjomba mpendwa,

Ninakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu maneno uliyoyatamka mbele ya kamati ya mazishi ya Mama hayakuwa ya faragha: yalikwisha kuenea katika kundi la WhatsApp la ukoo kabla sijafika nyumbani Umoja. Binamu zangu wananiambia kwamba u mzima huko Makueni, ila umepungua mwili. Hilo la kupungua mwili ndilo lililonikalisha kuandika.

Unajua jinsi Mama alivyokianzisha kikundi chake cha wagonjwa wa saratani, maana wewe ndiwe uliyetafuta viti na kumbembeleza mzee wa kanisa atupe ukumbi bila malipo. Alikuwa amekwisha kuambiwa ana saratani ya ini. Katika kusoma kwake alikutana na habari za PLANETS, shirika la Southampton, Uingereza, lililoanzishwa mwaka 2011 na mgonjwa akishirikiana na daktari wake wa upasuaji kwa ajili ya saratani za kongosho na ini na zile za neuroendokrini, yaani za seli zinazotoa homoni. Hakuvutiwa na ukubwa wa shirika lile. Alivutiwa na mgonjwa aliyekataa kungoja huruma, akaketi meza moja na daktari wake wakapanga la kufanya. Akasema kwamba hata Nairobi mgonjwa anaweza kuketi.

Basi wakaketi. Wa ini walikuwa wengi. Wa kongosho walikuwa wachache na hawakudumu, kwa kuwa kiungo hicho kimejificha nyuma ya tumbo la chakula na ugonjwa wake huchelewa kujitangaza. Yule mama wa Kayole aliyekuwa akituletea chapati alitibiwa vidonda vya tumbo miezi na miezi, hadi macho yalipogeuka manjano. Michango yao ilikuwa midogo. Sehemu ililipia nauli za kwenda vipimoni, na sehemu iliwekwa kando kwa ajili ya daktari kijana wa shahada ya uzamili aliyekuwa akitafuta fedha za vipimo vya damu vya utafiti wake juu ya wagonjwa wa ini.

Ulimuuliza Mama siku moja, kwa upole, nakiri, utafiti ni wa nini ilhali dawa zipo. Akakujibu kama mwalimu wa hisabati aliyekuwa. Dawa ya kwanza kuthibitishwa kwamba huongeza maisha ya mgonjwa ambaye saratani ya ini imekwisha kukomaa mwilini mwake ni sorafenibu, na majaribio makubwa yaliyoithibitisha, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalikuwa na wagonjwa 602 kutoka Ulaya, Amerika na Australasia. Wastani wa kuishi ulipanda kutoka takribani miezi minane hadi karibu kumi na mmoja. Afrika haikuwamo, ijapokuwa huku ugonjwa huu huwapata watu wakiwa na umri mdogo kuliko kule. "Katika 602," alikuambia, "sisi ni sifuri." Ulitikisa kichwa, nami nikadhani umeelewa.

Kwa hiyo bado sielewi jioni ile ya kamati. Barua ya Mama ilikuwa mezani, kwa mwandiko wake mwenyewe: jeneza la kawaida, basi moja, pasiwe na mahema ya siku mbili, na kitakachosalia kwenye mchango kiingie katika mfuko wa utafiti wa kikundi. Niliisoma kwa sauti. Wewe, mwenyekiti, ukaniomba karatasi, ukaitazama upande mmoja tu, ukauliza, "Utafiti utamfufua?" Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka, na dada yako alikuwa bado mochari. Kisha ukaikunja mara nne, ukaisukuma chini ya sahani ya mandazi na kusema, "Ajenda inayofuata, magari." Nilipoichukua baadaye ilikuwa na duara la mafuta juu ya sahihi yake. Magari yakawa manne. Mahema yakawa ya siku mbili. Salio likanunua marumaru ya kaburi, na marumaru yenyewe, nisiseme uongo, ni mazuri.

Sijasahau pia kwamba wewe ndiwe uliyemshusha Mama mgongoni kutoka ghorofa ya nne kila alipokwenda kutolewa maji tumboni, ukiwa na goti bovu, ukimtania kwa Kikamba ili asisikie maumivu. Hakuna mtu mwingine wa ukoo aliyeweza kumchekesha. Labda ndiyo maana lile swali lako linaniuma hivi. Lingetoka kwa mtu mwingine, ningelisahau.

Sasa nina ombi, nawe usilione kama la kijana kumfundisha mzee. Pima homa ya ini aina ya B. Mama alikutwa na virusi hivyo, na aghalabu hupita kutoka kwa mzazi wakati wa kujifungua, au baina ya watoto wadogo wanaokua pamoja. Nyinyi wawili mlizaliwa tumbo moja mkalala kitanda kimoja. Mkala pia mahindi yaleyale. Unaukumbuka mwaka 2004, watu 317 walipougua na 125 kufariki kwa mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, huko Makueni, Kitui na sehemu jirani. Hao waliila kwa wingi kwa mara moja, lakini anayekula kidogo kidogo miaka mingi huliweka ini lake katika hatari ya saratani, na sumukuvu ikikutana na virusi hivyo hatari huzidishana badala ya kujumlishana. Mama aliipenda sana hesabu hiyo. Anayekutwa navyo hufuatiliwa: kuna kidonge cha kila siku kwa anayestahili, na picha ya ini kila miezi sita kwa aliye hatarini, ili uvimbe uonekane ungali mdogo. Haya yote yanajulikana leo kwa sababu watu fulani, mahali fulani, walitoa damu yao na fedha zao kwa utafiti. Sikusema hivyo katika kikao kwa kuwa hukunipa nafasi, nami niliondoka kwa sababu hiyo, wala si kwa kiburi kama ulivyomwambia mchungaji. Ibada ya kumbukumbu sikuja kwa sababu hiyohiyo. Mtu hawezi kuketi chini ya hema ambalo marehemu mwenyewe alilikataa.

Kikundi kingali kinakutana, na daktari yule kijana alikwisha kupata sehemu ya fedha zake, kidogo kidogo, kutoka kwa watu ambao baadhi yao tumewazika tangu hapo.

Nenda na binamu zangu wawili wakubwa, waliozaliwa kabla ya mwaka 2001, nchi yetu ilipoanza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo. Atakayekutwa hana, na hana kinga, aombe chanjo. Ni sindano tatu. Majibu si lazima unipe mimi. Nauli yenu nitaituma kwa M-Pesa, na hizo, Mjomba, si fedha za kikundi.

Mpwa wako,
Umoja, Nairobi