Waomba hifadhi wanaangushiwa jumba bovu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Gazeti linapochapisha picha za maandamano mbele ya hoteli za waomba hifadhi huko Uingereza, maelezo chini ya picha huwa yale yale: wananchi wamekasirika kwa sababu wageni wamepewa nyumba ilhali wao hawana. Hasira ipo, na uhaba wa nyumba upo. Uongo uko kwenye hilo neno "wamepewa".

England ina kaya zaidi ya milioni 1.3 zinazosubiri nyumba za halmashauri, yaani za kupanga kwa bei nafuu. Mwomba hifadhi hayumo katika foleni hiyo, hata mkiani. Kisheria hastahili nyumba hizo mpaka kesi yake iamuliwe na apewe ukaazi. Mahali pa kulala anatafutiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa sheria ya mwaka 1999, kupitia kampuni binafsi. Mji hachagui, chumba hachagui. Na ukisikia "hoteli" usifikirie bwawa la kuogelea. Ni chumba kimoja, pengine wazazi na watoto wote humo humo, pengine watu wazima wasiojuana, chakula kinaletwa kimeshapakuliwa, jiko hakuna. Kwa kuwa analishwa, posho yake haifiki pauni 10 kwa wiki. Kazi haruhusiwi, akikaa mwaka mzima bila uamuzi anaweza kuomba ruhusa, tena kwa kazi chache zilizoorodheshwa.

Fedha nyingi zinatumika, hilo halibishaniwi. Mikataba ya malazi iliyoanza 2019 ilikadiriwa kugharimu pauni bilioni 4.5 kwa miaka kumi. Mwezi Mei 2025 ofisi ya ukaguzi ya taifa ilisema itafika bilioni 15.3. Zinaishia kwa wakandarasi na wenye mahoteli. Sehemu yake, na hili wasomaji wa huku tulitazame vizuri, huhesabiwa kuwa ni msaada kwa nchi maskini: mwaka 2023 zaidi ya robo ya bajeti yote ya misaada, pauni bilioni 4.3, ilitumika kuhudumia wakimbizi na waomba hifadhi ndani ya Uingereza yenyewe.

Nyumba zilikwenda wapi, basi? Ziliuzwa. Mwaka 1980 wapangaji wa halmashauri walipewa haki ya kununua nyumba wanazoishi kwa punguzo kubwa, na tangu hapo England pekee zimeuzwa karibu milioni 2. Zilizojengwa kuziba pengo ni chache mno. Waliokosa wakaangukia kwa wenye nyumba binafsi, ambako ruzuku ya serikali ya kulipia kodi ya pango inakusudiwa kutosha nyumba tatu katika kila kumi, zile za bei ya chini. Ruzuku hiyo iligandishwa kuanzia 2020 hadi 2024 huku kodi zikipaa. Ikapandishwa mara moja, ikagandishwa tena. Mpangaji akipungukiwa pauni 100 kwa mwezi, baada ya miezi michache ana deni, kisha notisi, kisha yuko kwenye dawati la halmashauri na mabegi yake. Kaya zaidi ya 120,000 ziko katika malazi ya muda namna hiyo, nyingine katika vyumba vya hoteli zisizo na jiko, sawa na hao wanaolaumiwa.

Kuna mahali mwomba hifadhi na mwananchi asiye na nyumba hukutana kweli, na wanaowatetea waomba hifadhi hukosea wanapopakwepa. Mkandarasi wa wizara hutafuta nyumba mahali kodi ilipo rahisi, ili abaki na faida. Halmashauri nayo inatafuta nyumba hiyo hiyo kwa ajili ya watu wake wasio na makazi. Mwenye nyumba anampa anayeahidi mkataba mrefu na kodi ya uhakika. Jirani anayeliona hilo hajaota. Ila wanaopandishiana bei hapo ni mikono miwili ya serikali moja.

Halafu kuna siku 28. Mtu mzima asiye na familia akikubaliwa kuwa mkimbizi, muda wake wa kuondoka kwenye malazi ya wizara ni huo. Malipo ya kwanza ya ruzuku ya kujikimu huchukua takriban wiki tano, yaani siku 35. Anaweza kukopeshwa kianzio, lakini kwa mkopo huo atafute chumba, alipe amana na kodi ya mwezi wa kwanza. Halmashauri hailazimiki kumpa makazi kama ni mzima wa afya na hana mtoto. Anaishia barabarani, na picha yake inatumika kuthibitisha kwamba wageni wameijaza nchi.

Mwanasiasa anaijua hesabu hii. Lakini mwomba hifadhi hana kura, na hoteli ina anwani ambako umati unaweza kwenda kusimama. Ruzuku iliyogandishwa haina mlango wa kugonga. Agosti 2024 hoteli za Rotherham na Tamworth zilishambuliwa, moto ukawashwa watu wakiwa ndani, kwa uvumi kwamba muuaji wa watoto watatu katika mji wa Southport aliingia nchini kwa boti. Alikuwa amezaliwa Cardiff.

Ombi kwa chumba chako cha habari ni dogo. Mwandishi akileta habari ya "wageni kupewa nyumba", aulizwe maswali matatu kabla haijaenda mtamboni: nyumba ya nani, imelipiwa na bajeti ipi, na kwa siku ngapi.

Ni mimi msomaji wako.