Kinachovuta unyevu kije na Tukuyu

Mhariri, salaam. Tangu itoke Nobeli ya kemia ya 2025, waliyopewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kuunda MOF, watu wanaongelea hizi MOF kwa jambo moja tu, kuvuna maji hewani kule jangwani. Ni vitu vya metali na kaboni vilivyoshikana vikaacha matundu kama sega la nyuki, na gramu chache tu eneo la ndani ni kama uwanja wa mpira. Yaghi kakulia Amman nyumba haina bomba kwa hiyo namuelewa kabisa, lakini sisi Tukuyu mvua tunayo, kinachotumaliza ni unyevu.

Mwezi wa tatu nilifungua gunia la maharage ya mbegu, naingiza mkono ndani kuna joto kama paji la mtoto mwenye homa, natoa kiganja kimejaa vumbi la kijani. Na nilianika siku tatu jamani, jua linachungulia, ukungu unarudi, nikapima kwa chumvi ile ya kutikisa kwenye chupa, chumvi ikaganda kidogo kwenye kioo, dalili kwamba maharage bado mabichi, nikasema yatakauka humo humo. Hayakukauka. Hata ile mifuko isiyopitisha hewa ukifungia unyevu umeufungia ndani.

Zipo shanga za zeolaiti za kukaushia mbegu, unazifungia chombo kimoja na mbegu zinanyonya, ila kuzitumia tena unazichoma kwenye oveni zaidi ya nyuzi 200, sasa kijijini nani anayo? MOF ya metali ya zirkoni, iitwayo MOF-801, kwenye jaribio la 2017 iliachia maji kwa joto la jua tu, nyuzi kama 65. Hapo ndo roho yangu ilipo. Inyonye ndani ya pipa la mbegu, siku jua likitoka uianike iteme.

Wengine wanasema tunyunyizie mahindi zile chembe ndogondogo za madini ya fedha zinazoua bakteria. Hapana! Hizo zina kazi yake kwenye maji, Dk. Askwar Hilonga wa Arusha alishinda tuzo ya uhandisi Afrika 2015 kwa chujio lake la maji la nano, lakini sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu, ikishaingia kwenye punje haitoki hata ukiua kuvu wote, dawa ni kukausha mapema.

Naomba watafiti wa kilimo wa TARI Uyole na wenzetu wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, wajaribu hata kwa ndoo moja, msimu mmoja. Maharage nitatoa mimi.

Mkulima, Tukuyu