Sefu, usinunue amplifaya kama yangu

Saint Paul, Minnesota
9 Novemba

Ndugu yangu Sefu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Mfikishie Mama shikamoo yangu, mwambie dawa ya magoti nimeshaipata. Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kuuma. Leo asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ule wa spika zako mpya, redio inayozima, na kutaka nikuletee amplifaya (mashine ya kuzipa spika nguvu) kama yangu. Mara mbili za kwanza sikukusikia wewe hata kidogo, nilikuwa nacheka sauti ya shemeji huko nyuma: "Sasa hii milango miwili inafungukia wapi?" Mpe pole. Mke wangu naye siku ya kwanza alidhani nimenunua mbao za kupigia pasi.

Hongera kwanza. Kuokota Magnepan MMG, spika bapa ndefu kama mlango, kwenye mnada wa mzungu anayerudi kwao, tena hapo Oysterbay, hiyo ni bahati ya mtende. Unajua zimetengenezwa wapi? White Bear Lake, mji mdogo hapa jirani na kwetu, kwa gari hata nusu saa haifiki. Aliyeanzisha kampuni, Jim Winey, alikuwa injinia wa 3M, kampuni kubwa ya hapa Minnesota. Alizipenda spika za umemetuamo, zinazosukuma utando kwa chaji ya umeme bila sumaku, akataka sauti ya namna ile lakini kwa sumaku, na mwaka 1969 akafungua kiwanda chake. Kwa hiyo zimesafiri kutoka kwangu mpaka kwako, na mimi sikujua.

Sasa hilo la redio yako, yaani risiva yenye amplifaya ndani, kuzima kila ngoma zikiingia. Redio yako haijafa, wala spika si mbovu. Ni njaa.

Ukifungua spika ya kawaida unakuta koni, na nyuma yake koili imejibana kwenye upenyo mwembamba wa sumaku. Upenyo ni mdogo, kwa hiyo sumaku inaishika koili barabara, na umeme kidogo tu unatosha kuisukuma. Hiyo yako haina koni. Ina utando wa plastiki mwembamba uliogandishwa nyaya kwa gundi, mkubwa karibu sawa na spika yenyewe, ukiwa mbele ya safu za sumaku. Umeme ukipita kwenye nyaya, utando wote unapepea kama shuka kwenye kamba, sauti inatoka mbele na nyuma. Ndiyo maana uliniambia kinanda cha taarab kimesimama katikati ya chumba kana kwamba hakuna spika. Lakini sumaku ziko mbali na waya kuliko kwenye koni, na hapo ndipo umeme unapoliwa.

Kwenye karatasi wameandika desibeli 86, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa umeme kidogo wa kipimo. Usidanganyike na hiyo namba. Imepimwa kwa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 ni wati 1 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme, ikiwa ndogo inavuta zaidi). Hizo zako ni omu 4, kwa hiyo volti zilezile ni wati 2. Ukiipima kwa wati 1 ya kweli unabaki na desibeli 83. Na kila desibeli 3 unazopungukiwa unazilipa kwa kuongeza wati mara mbili. Spika ya desibeli 89 inaridhika na wati 50 mahali ambapo zako zinataka 200.

Najua utasema: mbona mimi sipigi muziki kwa kelele? Ni kweli, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukikaa pale kwenye kochi lako, muda mwingi unatumia wati 1, labda 2. Halafu dumbaki inapigwa. Kwenye rekodi nzuri pigo moja linaweza kupanda desibeli 20 juu ya sauti ya kawaida, na desibeli 20 ni mara 100. Kutoka wati 1 mpaka 100, kwa muda wa kupepesa jicho, kisha linashuka. Amplifaya kubwa humnunulii jirani usingizi mbaya, unalinunulia lile pigo moja.

Mimi haya nilijifunza kwa fedha zangu. Magnepan zangu nilizifunga kwanza kwenye risiva ya sinema ya chaneli 7, imeandikwa wati 100 kwa kila chaneli, sitaitaja jina. Muuzaji aliniapia inatosha na kubaki. Nikaweka rekodi moja ya dansi ya zamani, gitaa la solo linaanza peke yake, tamu kabisa, natabasamu kama bwana harusi. Besi na ngoma zilipoingia pamoja nikasikia tak! Kimya. Taa nyekundu inakonyeza. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko nikakiondoa haraka, ungeweza kupikia chapati. Ikapoa, nikawasha, tak! tena palepale.

Sababu yake ni hii. Wati 100 kwenye omu 8 zinataka kama volti 28. Ukiifunga kwenye omu 4 na volti zikabaki 28, hizo ni wati 200, na mkondo unafika ampea 7, wakati kilele cha wimbi kinagusa 10. Amplifaya yenye transfoma kubwa na kapasita (ghala za umeme) za kutosha inatoa, haisemi neno. Ile yangu transfoma yake ilikuwa ndogo, imegawanywa kwa chaneli 7, basi ikizidiwa inajizima ijiokoe. Afadhali inayojizima kuliko inayoendelea huku inakata mawimbi vichwa, maana hiyo ndiyo inayounguza nyaya za spika zinazotoa sauti za juu. Kama risiva yako ina swichi nyuma ya kuchagua omu 4, iache. Inapunguza volti ili mashine isipate moto, basi, nguvu haiongezi.

Kwa hiyo ukiona tangazo la amplifaya usiulize "ina wati ngapi". Uliza: inatoa ngapi kwenye omu 8, na ngapi kwenye omu 4, chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja? Ikiwa 100 na 190, huyo ni mwanaume. Ikiwa 100 na 110, au omu 4 haijaandikwa kabisa, pita kando.

Jambo moja la kukutuliza: spika zako zinakula sana lakini hazina hila. Zinakaa kwenye omu 4 karibu mwanzo mpaka mwisho, hazipandi na kushuka. Kulikuwa na spika za utepe za Apogee, modeli ya Scintilla, zilizokuwa zikishuka mpaka omu 1; hizo ziliua amplifaya za watu. Na hizo spika za Quad ambazo mjomba wako alikuwa anazisimulia ni umemetuamo, kitu kingine kabisa. Usimsikilize mtu anayekupa ushauri wa Quad kwa ajili ya Magnepan, hata kama zote ni bapa.

Sasa tuje kwenye ombi lako. Umesema, "Niletee kama hiyo yako." Sefu, hapana.

Yangu ni Bryston 4B-ST, ya Kanada, niliinunua imeshatumika. Wati 250 kwenye omu 8, 400 kwenye omu 4. Kampuni ile inatoa dhamana ya miaka 20, ingawa ya hii yangu imeshakwisha. Siku nilipoifunga, lile gitaa likaanza, ngoma zikaingia, nami nimeshika pumzi nasubiri tak. Haikuja. Wimbo ukaisha, nikaurudia, mke wangu akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi, akakaa. Naipenda hii mashine. Ila ingekuja kwako ingekuwa mzigo.

Kwanza volti. Transfoma yake imefungwa kwa volti 120. Wewe una 230. Utahitaji transfoma ya kushushia, na si ile ndogo ya kuchajia simu wanayokuuzia Kariakoo. Hapo unataka yenye uwezo wa VA 1000 (karibu sawa na wati 1000) au zaidi, na ya kweli, si ya kwenye stika, la sivyo umenunua amplifaya yenye misuli ukaipitishia chakula kwenye mrija. Tena umeme wa huku ni hezi 60, wa kwenu 50. Transfoma iliyotengenezwa kwa 60 tu ikitumika kwenye 50 inaweza kupata joto na kunguruma. Utaanza kunipigia simu saa nane za usiku kuniuliza mngurumo unatoka wapi.

Pili ni uzito. Ndege inaniruhusu kilo 23 kwa begi. Chuma hicho kikiingia, nguo za watoto wa dada zinabaki.

Tatu, joto. Huku Januari nje kuna barafu, amplifaya ikipasha chumba nasema alhamdulillah. Wewe hapo Magomeni mwezi Januari hutaki jiko la pili sebuleni. Na kama kuna mtu atakushawishi amplifaya za aina ya klasi A, eti ndiyo sauti ya kweli: sauti ni tamu, sikatai, nimezisikia. Lakini hizo zinakula umeme uleule iwe muziki unapiga au umenyamaza. Inayovuta wati 300 ukiwasha masaa 5, ni uniti moja na nusu za LUKU kila jioni, kisha unaongeza feni ya kujipepea.

Ninachotaka kukuletea ni klasi D, amplifaya inayowasha na kuzima umeme kwa kasi sana, kwa hiyo haipotezi mwingi kwa joto. Najua, miaka ile tulizicheka, sauti kavu kama makuti. Zilikuwa hivyo. Hizi za sasa si zile. Waholanzi wa kampuni ya Hypex wanatengeneza moduli, yaani sakiti za amplifaya zilizo tayari, ambazo kampuni nyingi ndogo hununua na kuzifungia kwenye maboksi yao. Moduli yao ya NC252MP inatoa wati 250 kwa kila upande kwenye omu 4, NC502MP inatoa 500. Boksi zima unalibeba chini ya kwapa. Niliazima moja kwa rafiki yangu wa Nairobi anayekaa Minneapolis, nikaifunga kwenye Magnepan zangu wikiendi nzima. Nikikwambia kweli, besi ilikuwa imeshikwa vizuri kuliko ya Bryston. Sauti za waimbaji Bryston ilikuwa na nyamanyama zaidi, kidogo. Ningeishi na yoyote. Kifuniko chake baada ya masaa 4 kilikuwa na uvuguvugu kama chai iliyosahauliwa.

Nyingi za namna hiyo zinapokea volti 120 na 230 zote, au zina swichi nyuma. Sitalipa senti kabla sijaona kwa macho yangu kilichoandikwa mgongoni. Kwako 250 zinatosha. Hiyo sebule si ukumbi wa Diamond Jubilee.

Hiyo ni amplifaya ya nguvu tu, haina kitufe cha sauti. Kile kidubwasha chako cha kubadilisha muziki wa kompyuta, ulichonunua mwaka jana, kina kitufe cha sauti? Kama kinacho, kinatosha, usinunue priampu, kile kifaa cha kuongezea na kupunguzia sauti kabla ya amplifaya. Waya za spika chukua za umeme za kawaida, milimita za mraba 2.5, dukani kwa fundi umeme. Pesa ya waya za kifahari kamnunulie shemeji kitenge, maana utamhitaji upande wako kwa hili linalofuata.

Spika umezibandika ukutani. Nimeona kwenye picha. Sauti ya nyuma inagonga ukuta na kurudi mdomoni mwa ile ya mbele, kisha unalalamika besi hakuna. Zivute mita 1 kutoka ukutani, hata kama ni wakati wa kusikiliza tu, ukimaliza unazirudisha. Zijaribu hivyo leo kwa risiva hiyohiyo, sauti ya chini. Nadhani utanipigia simu. Besi ya chini kabisa hata hivyo hazina, ni spika ndogo hizo. Baadaye tutaongeza sabufa, moja nzuri, si zile za taa za rangi.

Kabla sijanunua chochote nifanyie haya. Nyuma ya kila spika kuna fyuzi ndogo. Zitoe, nipigie picha namba zake. Nataka kujua kama huyo mzungu aliweka kubwa kuliko inayotakiwa, na ukikuta amefunga waya badala ya fyuzi usiwashe kitu. Halafu weka wimbo wenye besi, usogeze sikio karibu na kitambaa toka juu mpaka chini, pole pole. Ukisikia kitu kinakwaruza kama mende ndani ya boksi la kiberiti, ni waya imebanduka gundi. Inatokea kwa spika zilizokaa kwenye jua, na hapo pwani na hewa ya chumvi sishangai. Inatengenezeka, gundi nitaileta, ila nijue mapema. Na uziondoe pale dirishani.

Umeme ukirudi baada ya kukatika usikubali uingie moja kwa moja. Pitisha kwenye kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Kipya, si hicho cha kwenye friji, shemeji atatuua wote wawili.

Nafika tarehe 19 Desemba usiku. Nipimie upana wa mlango wa sebule pia, nimekumbuka meza ya baba. Na niwekee embe dodo.

Wako,
Hamisi