Ekzosi iliyooza haitibiwi kwa kiraka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wenye magari ya zamani, na hasa sisi tunaoishi pwani, tumelizoea hata tukaliona dogo. Ni bomba la moshi lililoliwa na kutu, ambalo gereji tunaliita ekzosi, na ambalo kila linapotoboka hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea likabandikwe kiraka cha bati badala ya kubadilishwa. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari hapa Tanga hadi kustaafu, na sina shaka kwamba desturi hii ya viraka inahatarisha maisha ya watu, wa kwanza wao wakiwa ni watoto wanaopelekwa shuleni kwa magari madogo ya abiria yaliyokwisha kutumika miaka mingi.

Wengi hudhani kwamba kutu ya ekzosi huanzia nje, kwa madimbwi ya barabarani na upepo wa bahari. Ni kweli kwamba chumvi iliyomo katika hewa ya pwani huharakisha kuoza kwa chuma, lakini mara nyingi bomba huliwa kuanzia ndani. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, karibu lita moja ya maji kwa kila lita ya petroli, na mvuke huo hutoka nje salama pale tu bomba lote linapokuwa limepata moto. Gari linalokwenda mwendo mfupi na kuzimwa huacha maji hayo yatuame ndani ya sailensa, yaani kile kikopo cha bomba kinachopunguza kelele, yakiwa yamechanganyika na asidi zinazotokana na moshi. Kwa sababu hiyo gari la mzee linaloishia msikitini na sokoni laweza kuoza ekzosi mapema kuliko teksi inayozunguka mjini kutwa nzima, na sehemu inayotangulia kuoza huwa ni sailensa ya nyuma, iliyo mbali na joto la injini.

Tukumbuke pia kwamba magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kutufikia, na yale yaliyotoka mikoa ya kaskazini yenye theluji, kama Hokkaido, yamepita majira mengi ya baridi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Mnunuzi hukagua rangi, viti na redio, lakini chini ya gari hatazami. Kabla ya kulipa, gari liinuliwe, na bomba ligongwe taratibu kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, ilhali kilichooza hutoa mlio mzito usio na mwangwi, na magamba ya kutu humdondokea anayekagua usoni. Hata hivyo, si kila tundu ni ugonjwa. Sailensa nyingi zina kitundu kidogo sehemu ya chini kilichotobolewa kiwandani ili maji yachuruzike, na nimewaona mafundi wakikiziba kwa kuchomelea wakidhani wanamsaidia mteja, kumbe wanayafungia maji humo ndani yaendelee kuila sailensa.

Hatari kubwa ya bomba lililotoboka haimo katika makelele. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Bomba likiwa zima, sumu hiyo hutolewa nyuma kabisa ya bodi na kupeperushwa. Likitoboka chini ya sakafu, hasa gari linaposimama kwenye foleni, moshi hupenya kupitia matundu ya nyaya, raba zilizochakaa na sakafu ambayo yenyewe imeshikwa na kutu. Wapo wanaofungua mlango wa nyuma ili kupunguza joto, jambo ambalo huzidisha hatari, kwa kuwa gari likiwa katika mwendo hewa ya nyuma huzunguka na kurudi ndani pamoja na moshi. Mtoto anayefika shuleni akilalamika kuumwa kichwa na kichefuchefu, kisha akapata nafuu baada ya kukaa nje kwa muda, mara nyingi hudhaniwa kuwa hakupata kifungua kinywa au anakwepa masomo. Mzazi aulize pia mtoto hukaa kiti gani, na chini ya kiti hicho kunapita nini.

Sasa niseme kwa nini kiraka hakifai. Ukuta wa bomba lililooza hubaki mwembamba kama ganda la yai hata mahali ambapo macho hayaoni tundu. Fundi anapochomelea bati juu yake, joto la kazi hiyo hutoboa pembeni, naye hulazimika kuongeza kiraka kingine juu ya kingine, mpaka bomba linakuwa zito, linavuta raba zinazolishikilia na kukatika mahali papya. Mwenye gari hulipa kidogo kidogo mara nyingi, na mwishowe hununua bomba lile lile alilolikwepa tangu mwanzo. Linalotakiwa ni kukata sehemu yote mbovu hadi kufikia chuma kizima, au kufungua kipande kutoka flenji hadi flenji, yaani viungo vinavyokazwa kwa boliti, na kuweka kipya.

Hapo napo pana mambo ya kuangaliwa. Nati za ekzosi ya zamani huwa zimeng'ang'ania, kwa hiyo zipakwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, kwani anayezilazimisha kwa spana ndefu hukata boliti na kujiongezea kazi ya kutoboa. Gasketi ya zamani, ile pedi inayoziba moshi kwenye kiungo, isirudishwe, hata ikionekana nzima, kwa sababu ilikwisha kubanwa na kuchukua umbo la uso wa zamani. Raba za kuning'inizia zibadilishwe pamoja na bomba. Kabla ya kuchomelea, waya wa betri ufunguliwe ili umeme wa mashine usiharibu vifaa vya elektroniki, na kazi isifanyike karibu na tangi la mafuta wala mabomba ya breki. Ni afadhali kipande kishushwe kikachomelewe pembeni.

Naomba zaidi mafundi wenzangu waache kutumia mabomba ya maji yaliyopakwa zinki kutengenezea ekzosi. Najua yanapatikana kirahisi na yanang'aa, na mteja hufurahi kuyaona. Lakini zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe ambao humpa fundi homa, kutetemeka na kubanwa kifua usiku wa siku hiyo hiyo, na vijana wetu wanaojifunza kazi hii huuvuta bila kinga yoyote. Ukuta wa mabomba hayo pia ni mnene na mzito kupita kiasi kwa raba za gari. Bomba la chuma cha pua ni ghali, lakini kwa gari la pwani ambalo mwenyewe anakusudia kukaa nalo, fedha hiyo hurudi.

Jambo lingine ni masega, yaani kile kifaa cha ndani ya ekzosi kinachopunguza sumu ya moshi. Bomba linapofunguliwa, wapo mafundi wanaomshawishi mwenye gari kwamba masega yameziba na yanalifanya gari kuwa zito, kisha huyatoa na kuweka bomba tupu mahali pake. Masega hayo yana platini, paladi na rodi, madini yenye thamani kubwa sokoni, na mwenye gari aulize yanakwenda wapi. Kweli masega huziba wakati mwingine, lakini hilo hupimwa kwanza, halisemwi kwa kubahatisha. Gari lisilo na masega hutema sumu ambayo awali ilikuwa ikigeuzwa kabla ya kutoka, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Vivyo hivyo, tundu lililo mbele ya sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni iliyomo katika moshi, huingiza hewa inayoidanganya kompyuta ya gari, ikaongeza petroli bila sababu, nasi tukalaumu pampu.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa askari wa usalama barabarani. Magari yanapokaguliwa na kubandikwa stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama, macho hutua kwenye matairi, taa na breki, na hilo ni sahihi. Kwa magari ya wanafunzi naomba liongezwe jambo moja lisilohitaji mashine: injini iwashwe ikiwa bado ya baridi, mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na mwingine asikilize chini ya gari kuanzia mbele hadi nyuma. Moshi ukisikika ukifoka mahali popote chini ya sakafu, gari hilo lisipewe stika mpaka bomba libadilishwe. Kazi hiyo hukamilika ndani ya siku moja, na wenye magari hayo wana likizo nzima ya Desemba ya kuifanya kabla shule hazijafunguliwa.

Fundi mstaafu,
Tanga