Mto ukilowa baada ya upasuaji wa kisogo

Kazi yetu hapa Chake Chake ni kusindikiza wagonjwa. Tunawavusha kwenda kutibiwa Unguja au Dar es Salaam, na wakirudi tunawafuata majumbani kuwabadilishia bendeji. Siku hizi tunaulizwa sana na walioambiwa kwamba ubongo wa nyuma umeshuka.

Maradhi haya yanaitwa Chiari, kwa jina la Hans Chiari, daktari wa Austria aliyeyaeleza mwaka 1891. Ncha za chini za ubongo mdogo zinateremka, mara nyingi milimita 5 au zaidi, na kubana lile tundu la fuvu linalopitisha uti wa mgongo. Mtu akikohoa au akipiga chafya, kisogo kinamuuma kama kinapasuka. Lakini wapo wengi wenye picha kama hiyo ambao hawaumwi chochote, na hao kwa kawaida hawapasuliwi. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, muulize daktari: maumivu yangu yanatoka hapo kweli?

Wakipasua, wanatoa kipande cha mfupa wa kisogo ili ubongo upate nafasi, na mara nyingi wanafungua utando wake na kuutia kiraka. Kuvuja damu ndani, kiharusi, hata kifo, hutokea kwa nadra. Ganzi ya mikono iliyokaa miaka huenda isiondoke, na hili watu wengi hawaelezwi mapema.

Kinachotutia hofu zaidi sisi ni maji ya ubongo kuvuja. Bi mkubwa mmoja wa Wete aliamka siku tatu mfululizo mto umelowa. Wanawe wakasema ni jasho, maana kaskazi ilikuwa imepamba moto. Mwenzetu alipomgeuza akaona nguo yake kavu mgongoni, foronya imelowa duara moja tu chini ya kisogo, maji maangavu yasiyo na rangi, na mshono umevimba, laini kama embe lililoiva. Siku ile ile akarudishwa hospitali, akashonwa upya. Panapotoka maji, vijidudu navyo vinaingia, na hapo ndipo homa ya uti wa mgongo inapoanzia.

Basi ukiona mto umelowa, maji yanatiririka puani, homa, au shingo imekakamaa, usingoje boti ya kesho. Nenda hospitali iliyo karibu nawe, na tupigie ukiwa njiani tukutane huko. Kuja kuangalia mshono hatutozi, hata kama ni usiku.