Sakafu ya epoksi inataka mtu wa kuitunza

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa ujenzi wa Jumamosi iliyopita ulizisifia sana sakafu za epoksi, ile rangi ngumu inayopakwa juu ya zege, kwa gereji na maegesho ya nyumbani, mkaandika kwamba ukishaipaka umemaliza, haihitaji matunzo. Nilikuwa nakunywa chai. Nikaisoma sentensi ile kwa sauti ili vijana waisikie. Kijana wetu wa usafi alikuwa amepiga magoti pembeni ya Noah moja, tambara mkononi, anafuta mafuta ya breki. Akainua uso, akaniangalia, akacheka, akaendelea kufuta.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu na nina gereji ndogo hapa Makorora, Tanga, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Yanaingia magari manne kwa kubanana. Mafundi wananiita Mwalimu, na nikigeuka nadhani wananiita jina jingine kwa sababu ya hiyo sakafu. Tuliipaka epoksi miaka mitatu iliyopita, rangi ya kijivu, na naipenda kwelikweli. Ile ya zamani ilikuwa niru, saruji iliyolainishwa juu ya zege, iliyonyonya oili kwa miaka zaidi ya ishirini. Ulikuwa ukifika kona ya barabara unaijua gereji yetu kwa harufu, na nati ikidondoka basi, imekwenda, labda uipapase kwa kiganja. Siku hizi nati ikidondoka unaiona ilipo. Lakini kusema haina matunzo ni kuwaponza watu.

Nianze na mchanga, maana watu wote wanaulizia oili. Oili kwenye epoksi inakaa juu, haina pa kuzamia. Mchanga ndio unaoila sakafu. Magari yanayotushukia kutoka Lushoto na Korogwe wakati wa masika yanakuja na udongo mwekundu kwenye matairi na chini ya bodi. Ya hapa mjini yanaleta mchanga wa pwani. Ukikauka unadondoka, halafu tairi linapita juu yake, buti linapita, kile kibao cha magurudumu cha kulalia chini ya gari kinapita. Ni msasa huo. Ukiwasha taa jioni na kuinamisha kichwa unaiona mikwaruzo yake midogomidogo kama nywele, yote imepangana pale magari yanapokata kona kuingia.

Kwa hiyo kila siku saa moja asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, tunafagia. Fagio la chelewa tumelistaafisha. Ni zuri uani, ila kwenye sakafu laini vile linaruka vumbi jembamba na kuburuta chembe kubwa. Tunatumia fagio pana la nyuzi laini, polepole, kuelekea mlangoni, mara mbili. Mlangoni tumeweka kipande kirefu cha zulia kuukuu ili matairi yajifute, na kinakung'utwa nje kila jioni. Kazi yote ni dakika kumi na tano. Kama mtu hana hizo dakika, abaki na niru yake.

Kudeki ni mara moja kwa wiki, na hapa nina hadithi inayonitia aibu mimi mwalimu wa usafi. Miezi michache baada ya kupaka, sakafu ilianza kufifia. Ukipiga deki inameta ikiwa mbichi, ikikauka inakuwa na ukungu, na inateleza. Mteja mmoja mzee, kavaa kandambili, nusura atuangukie. Nikaamini rangi imekwisha, nikaanza kumlaani fundi aliyeipaka. Kumbe ni sisi. Kijana alikuwa anamimina sabuni ya unga kwenye ndoo kwa kukisia, konzi mbili tatu, hasuuzi, na kila wiki utando wa sabuni ulikuwa unapandana juu ya mwingine. Nilichemsha maji, nikachovya kitambaa safi bila sabuni yoyote, nikasugua mahali padogo pa ukubwa wa trei. Kitambaa kilitoka na maziwa ya sabuni, na chini yake sakafu ikawa kama siku ya kwanza. Tulifanya hivyo gereji nzima Jumapili mbili, magoti yakatuuma wote. Tangu hapo tunatia kifuniko kimoja cha sabuni ya maji isiyo kali kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, tunapitisha dekio, tunasuuza kwa maji matupu yanayobadilishwa yakichafuka, na tunayasukumia nje kwa ule mpira wenye mpini. Hatuachi maji yajikaushie yenyewe, kwa sababu maji yetu yana chumvichumvi na yanaacha madoa meupe.

Kabla ya kugundua hilo la sabuni, fundi wangu wa umeme wa magari, kwa nia njema kabisa, aliamua kunisaidia kuing'arisha. Alichukua ndimu na majivu, kama mamaye anavyosugua masufuria. Kuna duara pale karibu na meza ya vifaa, pana kama sinia, halijang'aa tena mpaka leo na halitang'aa. Majivu yalikwaruza, na asidi ya ndimu nayo si rafiki wa epoksi, sawasawa na siki. Steluwaya ndiyo kabisa: inakwaruza, halafu vijipande vyake vinabaki na kuota kutu. Brashi ya plastiki laini inatosha kwa doa lolote nililokutana nalo.

Vimiminika vya gari navyo havilingani. Oili ya injini ikimwagika mchana, hata ukiifuta jioni haidhuru sakafu, ingawa inaweza kumvunja mtu kiuno. Mafuta ya breki hayasubiri. Yanalainisha rangi, na ukichelewa unafuta rangi pamoja nayo. Petroli vilevile, ndiyo maana nimepiga marufuku kuosha vipuri kwa petroli ndani, mbali na kwamba ni moto unaotafuta kiberiti. Tunamwagia maranda kutoka kwa seremala jirani, yanyonye, tunayazoa, halafu sabuni. Maranda yaliyolowa yanakwenda kwenye pipa la bati lenye mfuniko, nje, mbali na wanaochomelea.

Maji ya betri, ambayo ni asidi, yalinifurahisha mara moja tu. Betri ya pikapu ilianguka ikapasuka, vijana wakaruka nyuma, mmoja akakimbilia mpira wa maji. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, baba." Nikaenda jikoni kwangu, nyumba iko nyuma ya gereji, nikarudi na mfuko wa magadi ya maharage ya kuizima asidi hiyo. Nikawafukuza wasogee, nikavaa glavu, nikanyunyiza kidogokidogo kuanzia pembeni. Yakachemka povu, yakalia shii. Nikaongeza mpaka povu likaisha, ndipo nikaruhusu maji mengi. Yule wa umeme akasema, "Mwalimu, kumbe na sisi tunakula hiyo?" Pale alama ilibaki, lakini ni kivuli tu.

Jambo jingine ni uzito uliokaa sehemu moja. Jeki na stendi za chuma zina ncha. Ukiinua gari juu yake zinaacha vidonda vya mwezi mchanga. Tumekata vipande vya plaiwudi, kila stendi na kibao chake, na anayesahau ananunua soda za watu wote. Matairi mabovu hayapangwi ndani. Yakikaa wiki yanaacha duara la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote. Kuchomelea ni nje. Cheche moja, tundu moja jeusi.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma, nacho hakitibiwi kwa dekio. Pale sehemu ya kwanza, karibu na geti, rangi imebanduka. Ilianza na vipele. Vilikuwa kama vipele vya joto vya mtoto, vingine vikubwa kama kitumbua. Nilitoboa kimoja kwa pini ya nguo, yakatoka maji. Maji, Ndugu Mhariri, chini ya rangi ambayo haipitishi maji! Yanatoka ardhini, yanapanda kwenye zege, yanakuta kifuniko, yanakisukuma. Halafu gari likishuka kutoka Segera na matairi ya moto, likaegeshwa juu ya vipele vile, usiku tairi linapoa na kushikana na rangi, asubuhi dereva anaondoka na kipande cha sakafu yangu.

Baadaye nilijifunza kipimo ambacho mtoto wa darasa la nne angekiweza. Unakata kipande cha nailoni nzito, kama mkono mmoja kila upande, unakibandika sakafuni kwa selotepu pande zote nne, unakiacha mpaka kesho yake. Ukikifunua ukakuta matone ndani, au zege limekuwa jeusi, usipake. Fundi wetu hakupima. Wala hakuisaga ile niru. Niru ni laini kama kioo, na epoksi inataka mahali penye kukwaruza ijishike. Lazima ipite mashine ya kusagia, oili ya zamani itolewe, vumbi livutwe lote. Yeye alifagia, akapiga deki, akasubiri kidogo, akachanganya rangi na hadina, ile dawa ya kuigandisha, akapitisha rola. Kesho yake jioni akasema magari yaingie. Akalipwa, akaenda zake. Juu ya kusafisha hakusema neno.

Aliacha kopo. Nililifanya la kuwekea maranda, likakaa mlangoni miezi minane. Siku moja limetupwa ubavu, nikaliosha, nikavaa miwani. Yote yalikuwa pale, kwa herufi za sisimizi: sakafu isagwe, zege jipya lingoje siku 28, mtu akanyage baada ya siku moja, gari liingie baada ya siku saba. Siku saba. Sisi tuliingiza gari la kwanza hata siku mbili hazijaisha. Hata jua lilitajwa, na kweli upande wa mashariki, jua la asubuhi linapoingia, kijivu chetu kimekuwa manjano kama jino la mvuta tumbaku. Wanasema ingepakwa juu yake poliyurethani, rangi nyingine ya kumalizia, ndiyo inayostahimili jua. Pengine. Kwa sasa tumetundika turubai.

Yale mabanduko tunayatibu wenyewe. Tunakata kingo zilizolegea kwa wembe mpaka tufike kwenye rangi iliyoshika, tunapiga msasa pamoja na ukingo wake, tunafuta kwa tina kidogo huku madirisha yote yakiwa wazi, tunaacha siku kadhaa za jua kali pakauke hasa, ndipo tunapaka kwa kupima rangi na hadina kwenye vikombe vya plastiki, si kwa jicho. Hadina ikipungua panabaki panatata kama ulimbo. Viraka vinaonekana, sikatai. Sehemu ile ya kwanza sasa inafanana na ramani. Lakini kiraka kilichowahiwa hakiongezeki, na kilichoachwa kwa wiki tatu tu za mvua za vuli kiliongezeka mpaka chini ya meza.

Ninachowaomba si kukanusha habari yenu. Mkirudia somo hili, mwandishi wenu amuulize fundi mbele ya mwenye nyumba maswali matatu kabla ya bei: amepimaje unyevu, ataisagaje sakafu, na gari litaingia siku ya ngapi. Na mwenye nyumba abaki na kopo. Kisha aweke hesabu ya mtu wa kufagia, maana kwenye gharama mlizoorodhesha sikumwona. Kijana wetu tumemwongezea mshahara mwaka jana kwa sababu ya sakafu hiyo hiyo isiyohitaji matunzo, na bado akilala siku mbili na homa ninaijua kwa kuangalia chini.

Mwandishi wenu anakaribishwa Makorora siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Aje asubuhi, avue viatu, apitishe nyayo kuanzia ukuta wa nyuma mpaka getini. Ataniambia mwenyewe ni wapi palikwaruzwa na ni wapi fundi alifagia tu. Maana nyuma kule, sikuwaambia, marehemu alikuwa amekwishapakwaruza kwa patasi akitaka kuweka vigae, na ndiko rangi ilikoshika kama imezaliwa nayo.

Na yule fundi, kama ni msomaji wenu, rola yake ipo stoo kwetu. Aliisahau bila kuiosha. Imeganda kama jiwe, tunaitumia kuzuia mlango.

Mwalimu mstaafu, mwenye gereji,
Makorora, Tanga