Kwa vijana wa Kigoma mnaotaka kusomea ujira

Mwakeye, wanangu.

Barua mliyoiandika kwa pamoja nimeipata. Mnauliza kama inafaa mtu kutumia maisha yake ya chuoni kuchunguza ujira na soko la ajira, au ni heri mhamie fedha na benki kama wenzenu. Nawajibu hadharani kwa sababu najua wapo wengine Kasulu, Kibondo na Uvinza wenye swali hilohilo, na kwa umri huu sina mkono wa kuandika barua tano zenye maneno yaleyale.

Nianze na la tumbo. Mwalimu wa chuo hafi njaa. Nimejenga, nimesomesha, nimezika wazazi kwa heshima. Anayetaka utajiri hapa Kigoma anunue boti. Hilo tumelimaliza.

Lenye uzito ni jingine. Katika kazi hii, kabla hujamuuliza mtu analipwa kiasi gani, muulize analipwaje. Nimekaa kwenye fani hii hadi mvi, na kama kuna jambo moja ningependa mlishike kuliko kanuni zote za hesabu mnazokaririshwa, ni hilo.

Nendeni mwalo wa Kibirizi alfajiri, boti zinaporudi na dagaa. Mpeni mvuvi dodoso lenye swali "mshahara wako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Atakutajia namba yoyote ili umwache akalale. Si mwongo, swali lako ndilo halina mahali pa kukaa. Mauzo ya usiku ule hutolewa kwanza mafuta, chakula na matengenezo. Mwenye chombo anachukua fungu lake, kilichobaki wanagawana wavuvi, na kila mmoja anaondoka na kitoweo cha nyumbani. Hicho kitoweo ni ujira, hata kama hakina risiti. Halafu zinakuja siku za mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, watu wanakaa nchi kavu. Mwezi wake wa kazi haulingani na mwezi wa kalenda yako. Ukiandika namba aliyokutajia ukaigawa kwa siku 30, umejitungia mfanyakazi ambaye hayupo.

Hatua chache kutoka hapo kuna akina mama wanaoanika dagaa. Waulizeni kama wana kazi. Wengi watasema hawana, wanasaidia tu, huku mikono imejaa magamba. Wengine hulipwa kwa dagaa, wengine kwa beseni. Claudia Goldin, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2023, alikuta jambo la jinsi hiyo katika sensa za zamani za Marekani: wanawake waliokuwa wakifanya kazi shambani na kwenye biashara za familia wameandikwa "mke", basi. Alilazimika kurudi kwenye kumbukumbu nyingine kuwatafuta.

Nawaonya pia kuhusu nyaraka za kikoloni, maana najua mnazipenda kwa kuwa zina majedwali. Wazee wenu waliopanda treni kwenda umanamba, yaani ukibarua wa kuandikishwa, kwenye mashamba ya mkonge walilipwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku haikuhesabiwa mpaka umalize ngwe uliyopangiwa. Ukiugua, siku hiyo haipo. Ngwe ikikushinda, siku hiyo haipo. Kwa hiyo "mwezi" wa manamba uliweza kupitiliza mwezi wa kalenda kwa mbali, na juu ya fedha kulikuwa na posho ya chakula. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa sehemu walizochota watu. Sasa mwanafunzi anafungua ripoti, anakuta shilingi kadhaa kwa mwezi, anachora mstari kutoka mwaka huu hadi ule. Mstari unapendeza, lakini hautuambii yule mzee alirudi Heru Juu na nini mfukoni.

Mtasema hayo ni mambo ya kwetu, kule walikoendelea mshahara ni mshahara. Sivyo. Mchumi David Card mnamjua kwa Nobeli ya uchumi ya 2021. Nusu alipewa yeye, nusu wakagawana Joshua Angrist na Guido Imbens. Ni mtoto wa shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Guelph, Kanada, aliyepata uzamivu wake Princeton mwaka 1983. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. Card na mwenzake Alan Krueger wakachagua migahawa 410 ya chakula cha haraka pande zote mbili, wakawahoji kwa simu kabla ya nyongeza na tena miezi kadhaa baadaye. Nadharia iliyokuwa ikifundishwa ilitaka ajira zipungue New Jersey. Walipolinganisha na ng'ambo ya pili, hazikupungua.

Walimu wenu huishia hapo. Mimi nataka mtazame dodoso lao. Waliuliza kama wafanyakazi hupewa mlo wa bure au wa bei nafuu, kwa sababu tajiri anayelazimishwa kuongeza mshahara anaweza kuufidia kwa kufuta chakula. Na mgahawa ambao haukujibu simu mara ya pili hawakuutupa nje ya hesabu. Walimtuma mtu akaangalie kama umefungwa. Hawa ni maprofesa wa Princeton, wanahesabu sahani za wapishi wa chipsi. Waliobishana nao hawakukosekana. Wachumi David Neumark na William Wascher walileta kumbukumbu za malipo za migahawa wakapata picha tofauti, na mwaka 2000 hoja za pande zote mbili zilichapishwa katika jarida lilelile. Card amewahi kusema utafiti ule ulimgharimu marafiki. Krueger alifariki 2019, miaka miwili kabla ya tuzo.

Rudini nayo sasa nyumbani. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilipandisha kima cha chini cha sekta ya kilimo kutoka shilingi 100,000 hadi 140,000 kwa mwezi. Ongezeko la asilimia 40, kubwa kuliko lile la New Jersey. Mtu angedhani hapo pana utafiti wa harakaharaka. Shukeni kwa majirani zetu, Urambo na Kaliua, kwenye tumbaku. Kibarua wa msimu, na baadhi wametoka huku kwetu, mara nyingi hulipwa tumbaku ikishauzwa, baada ya kukatwa unga aliokula na fedha ndogondogo alizokopa kwa tajiri. Kwa mtu kama huyo 140,000 kwa mwezi ilianzia wapi? Inaweza kuwa imemfikia, inaweza kuwa imemezwa na bei ya unga katika daftari la tajiri. Hilo daftari ndilo data, wanangu. Anayeweza kukaa na tajiri mpaka akaonyeshwa daftari lile ana tasnifu mkononi.

Sisemi msusie takwimu za serikali. Utafiti wa Nguvukazi wa mwaka 2014 na ule wa 2020/21 someni jedwali kwa jedwali, na zaidi someni maelezo ya jinsi maswali yalivyoulizwa, kule nyuma ambako hakuna anayefika.

Mmeniomba mada. Ninayo moja ninayoionea wivu kwa kuwa magoti yangu hayataki tena kushuka mwaloni. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Maelfu ya mikono ikakosa kazi kwa tarehe inayojulikana. Ilikwenda wapi? Kwenye michikichi, kwenye bodaboda, kwenye vibarua vya kulima? Bei ya kibarua Ujiji ilishuka, na ya Kasulu, mbali na maji, ikabaki palepale? Hapo mnayo New Jersey yenu na Pennsylvania yenu. Mwenye kupenda habari za wakimbizi naye aanze na watafiti Isabel Ruiz na Carlos Vargas-Silva, walioonyesha kwamba Kagera, baada ya wimbi la 1993 na 1994, wenyeji waliokuwa vibarua ndio waliobanwa zaidi. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, msiseme hamkuwa na mahali pa kuanzia.

Kuhusu tafiti za kuagizwa na mashirika: chukueni, zinalipa ada za watoto. Ila akija mwenye jibu lake tayari, mrudishieni fedha yake. Shirika moja, nisilitaje, liliwahi kunitaka niondoe jedwali la malipo ya wanawake kwa kuwa "linachanganya". Niliondoka na jedwali langu.

Watakaotaka kulifanyia kazi la ziwa waje kabla ya kufungwa kwingine, maana bei za kabla haziokotwi baadaye. Njooni na daftari la karatasi pamoja na vishikwambi vyenu. Mvuvi akiona unaandika kwa mkono anazungumza polepole. Wazee wa mwalo wa Kibirizi na wa Katonga nawajua, nitawapeleka mwenyewe siku ya kwanza. Nauli mtajitegemea. Ugali na migebuka mtavikuta kwangu.

Babu yenu,
Ujiji